Miti humlipa anayejua kupima na kusubiri

JANUARI ni mwezi mgumu kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini. Mahindi bado mabichi shambani, akiba ya mwaka uliopita imekwisha, na mtoto aliyechaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza anatakiwa sare, godoro, tranka na nauli. Wakati huohuo ndipo dalali wa mbao anapoingia kijijini kwa pikipiki. Anatazama shamba la misindano lililo nyuma ya nyumba, anazunguka mara moja, anataja bei ya shamba zima.

Miti ina umri wa miaka minane. Mkulima hajawahi kuipima. Anachojua ni kwamba fedha anayotajiwa inatosha mahitaji ya shule na inabaki ya mabati kadhaa. Anakubali. Baada ya wiki mbili shamba limebaki visiki, na lori limekwishaondoka kuelekea Mafinga.

Hali hiyo imejirudia katika vijiji vingi vya Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete, na inaeleza kwa nini katika kijiji kimoja unaweza kukuta kaya mbili zilizopanda miti mwaka mmoja, moja ikiwa imejenga nyumba ya kudumu na kusomesha, nyingine ikiwa imerudi palepale ilipoanzia. Tofauti yao mara nyingi haitokani na ukubwa wa shamba. Inatokana na siku ambayo shoka liliingia.

Kutoka shamba la Serikali hadi uani kwa mwananchi

Kilimo cha miti katika ukanda huu hakikuanza na wananchi. Shamba la Serikali la Sao Hill wilayani Mufindi, ambalo ndilo kubwa kuliko yote ya Serikali nchini likiwa na eneo la zaidi ya hekta 135,000, lilianza kwa miti ya majaribio mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukafanyika miaka ya 1970 na 1980. Kule Njombe, kampuni ya TANWAT iliyoanzishwa mwaka 1949 ilileta miwati, ambayo maganda yake hutoa dawa ya kulainishia ngozi. Baadaye kikajengwa kiwanda cha karatasi cha Mgololo, huko huko Mufindi.

Kwa miaka mingi wanavijiji walikuwa vibarua katika mashamba hayo. Walijifunza kutia udongo kwenye viriba, kupanda kwa mstari, kupogoa na kuzima moto. Ujuzi huo walirudi nao nyumbani. Kuanzia miaka ya 2000, miji ilipoanza kujengwa kwa kasi na mahitaji ya mbao za paa kupanda, mkulima wa kawaida akaona kwamba kilima kile kisichofaa mahindi kinaweza kuota fedha. Watumishi na wafanyabiashara wa mijini nao wakaanza kununua ardhi vijijini na kupanda. Leo sehemu kubwa ya miti ya kupandwa katika mikoa ya Iringa na Njombe iko mikononi mwa watu binafsi, wengi wao wakiwa na ekari chache.

Fedha inapitia mikono mingi

Ukitaka kujua mti mmoja unalisha watu wangapi, ufuatilie tangu ukiwa mbegu.

Wa kwanza ni mwenye kitalu. Katika vijiji vingi kazi hii hufanywa na akina mama na vikundi vya vijana, kwa kuwa inahitaji eneo dogo karibu na maji, mbegu, viriba na uangalizi wa kila siku. Mvua zinapoanza, kuelekea Desemba, miche huuzwa kwa maelfu. Kisha wanakuja wachimba mashimo, wapandaji na wapaliliaji, ambao hulipwa kwa ekari au kwa idadi ya mashimo.

Shamba linapokomaa, idadi ya watu huongezeka. Yupo anayeangusha miti kwa msumeno wa mnyororo, maarufu kama chenso. Wapo wanaobeba magogo, wanaopasua mbao kwa mashine ndogo inayohamishika ambayo wenyeji huiita dingdong, wanaopanga mbao juani zikauke, na wanaopakia. Mama lishe anapika karibu na mashine. Mwenye duka anauza betri, sabuni na vocha kwa vibarua. Mabanzi huwa kuni na uzio.

Mafinga na Makambako, miji iliyo kando ya barabara kuu iendayo Zambia, imekua pamoja na biashara hiyo. Kutoka hapo mbao husafiri hadi Dodoma, Dar es Salaam na nje ya nchi. Kenya ilipozuia uvunaji katika misitu yake ya umma Februari 2018, wafanyabiashara wake waligeukia zaidi mbao za Tanzania, hata Rais William Ruto alipotangaza kuondoa zuio hilo Julai 2023. Halmashauri nazo hukusanya ushuru, na miti ni moja ya nguzo za mapato yake.

Lakini katika mlolongo huo wote, mtu anayesubiri muda mrefu kuliko wengine ni mwenye shamba, naye ndiye mara nyingi huondoka na fungu dogo. Kibarua hulipwa siku hiyo au wiki hiyo. Dalali huzungusha mtaji wake ndani ya mwezi. Mwenye shamba amengoja miaka minane, halafu anauza bila kupima.

Hesabu ambayo dalali anaijua

Siri ya biashara ya miti iko katika unene. Mti hauongezeki thamani kama gunia la mahindi, ambapo magunia mawili ni mara mbili ya moja. Kipenyo cha mti kikiongezeka mara mbili, eneo la kisiki chake huongezeka mara nne. Na urefu nao ukiongezeka mara mbili, ujazo wa mti unakuwa mara nane.

Tuchukue mfano wa ekari moja ya misindano iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3. Ekari hiyo huingia miti ipatayo 450. Tuseme katika mwaka wa nane mti wa wastani una kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa mita 10. Kwa kuwa mti hupungua unene kadiri unavyopanda juu, ujazo wake hukadiriwa kuwa karibu nusu ya gogo lililo sawa chini na juu. Mti huo utakuwa na mita za ujazo 0.09 hivi. Shamba zima, mita za ujazo 40.

Sasa tuseme mkulima hakuuza shamba zima. Mwaka huo wa nane alipunguza miti 250, akianza na iliyodumaa, iliyopinda na iliyobanana, akaacha 200 iliyonyooka. Miti aliyotoa itampa labda mita za ujazo 15 hadi 20. Ni miti myembamba, lakini ina wanunuzi wake: nguzo za kujengea, kuni, mbao fupi za matenga ya nyanya kama yale yanayotumika Ilula.

Miti 200 iliyobaki imepata mwanga na nafasi. Ikifika mwaka wa 18 ikiwa na kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 20, kila mmoja utakuwa na mita za ujazo 0.7. Ekari hiyohiyo itatoa mita za ujazo 141.

Kwa maneno mengine, aliyeuza yote mwaka wa nane alipata ujazo wa 40 na mkono wake ukaishia hapo. Aliyepunguza alipata 15 hadi 20 mwaka huohuo, mtoto akaenda shule, na bado akavuna 141 baadaye. Miti aliyoiacha ilikuwa na ujazo wa kama 23 alipoipunguza. Imeongezeka mara sita katika miaka kumi. Huo ni ukuaji wa karibu asilimia 20 kwa mwaka, kiwango ambacho akaunti ya kawaida ya akiba benki haifikii.

Hapo bado bei haijaguswa. Gogo nene hutoa mbao pana, 1 kwa 8 au 2 kwa 6, ambazo fundi wa paa na wa samani huzitafuta. Gogo jembamba hutoa 2 kwa 2 na 2 kwa 3 za bei ya chini, na sehemu kubwa yake hupotea. Misumeno ya dingdong ni minene na hula mbao. Katika mashine nyingi za aina hiyo ni kama theluthi moja tu ya gogo inayogeuka kuwa mbao, iliyobaki ni unga na mabanzi. Gogo likiwa jembamba, hasara inakuwa kubwa zaidi, na mnunuzi huikata katika bei anayompa mkulima.

Namba hizo ni za mfano. Ardhi ya Makete si ya Kilolo, na shamba lililopaliliwa si sawa na lililoachwa kichakani. Lakini kila mkulima anaweza kupata namba zake mwenyewe kwa futi kamba ya fundi cherehani. Azungushe futi kwenye mti, kwa kimo cha kifua, kisha agawe kwa 3.14. Mzunguko wa sentimita 47 ni kipenyo cha 15. Mzunguko wa 94 ni kipenyo cha 30. Akipima miti 30 au 40 iliyotawanyika shambani, na kuhesabu miti yote, tayari ana jambo la kumwambia dalali.

Kusubiri bila kulala njaa

Ni rahisi kumwambia mkulima asubiri. Ugonjwa hausubiri, wala ada haisubiri. Ndiyo maana wanaofaulu katika kilimo hiki huwa hawategemei miti peke yake, na hawapandi yote kwa mara moja.

Njia ya kwanza ni kupanda kidogo kila mwaka. Mwenye ekari sita akipanda nusu ekari kila msimu kwa miaka 12, atafika mahali ambapo kila mwaka ana kipande cha kupunguza au kuvuna. Aliyepanda ekari zote sita msimu mmoja atakaa miaka mingi bila chochote, kisha siku moja awe na fedha nyingi zisizozoeleka mkononi.

Njia ya pili ni kutumia mwanya wa miaka ya mwanzo. Kabla miche haijafunga kivuli, maharage na viazi huweza kulimwa katikati ya mistari kwa msimu mmoja au miwili. Mkulima anapopalilia maharage, miche nayo inapata palizi ya bure. Mizinga ya nyuki pembeni mwa shamba huleta asali, na mwenye nyuki hujifunza haraka kuogopa moto.

Njia ya tatu ni kuchanganya aina. Mlingoti hukua haraka kuliko msindano, na ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki, jambo ambalo msindano hauliwezi. Kipande cha milingoti hutoa nguzo za kujengea baada ya miaka michache, na kuni ambazo viwanda vya chai vya Mufindi na Njombe huzihitaji kukaushia majani. Kipande hicho kikibeba matumizi madogo, misindano inaachwa inenepe.

Ya nne ni kikundi cha kuweka na kukopa. Kwa mkulima wa miti, VICOBA ni kinga ya shoka. Mkopo mdogo wa Januari unaolipwa baada ya mavuno ya mahindi unaweza kuokoa ekari nzima. Hata hivyo, hesabu ifanywe. Mkopo wa mtaani unaotoza asilimia 10 kwa mwezi hula haraka kuliko mti unavyokua. Mwenye deni la namna hiyo ni heri auze miti michache alipe, kuliko kuliacha liote.

Mbegu, matawi na moto

Mti wa miaka 18 hulipa ikiwa ulianza vizuri. Kosa linaloonekana sana vijijini ni kuokota mbegu au miche chini ya mti wowote, hata uliopinda. Mti uliopinda huzaa miti iliyopinda. Mbegu bora huuzwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na miaka ambayo ardhi itakaliwa.

Kosa la pili ni kuacha matawi. Tawi lililoachwa hugeuka kifundo ndani ya mbao, na mbao yenye vifundo vingi hukatika na kukataliwa sokoni. Kupogoa huanza miti ikiwa na miaka mitatu au minne, wakati wa kiangazi, bila kupita nusu ya urefu wa mti, kwa msumeno mdogo na si kwa panga linalochubua gome. Katika miaka miwili mitatu ya kwanza palizi ndiyo roho ya shamba.

Hata hivyo, adui mkubwa kuliko wote ni moto. Kati ya Agosti na Novemba nyasi zimekauka, na watu wanachoma mashamba kujiandaa na mvua. Jioni moja yaweza kumaliza kazi ya miaka 15. Barabara ya kuzuia moto kuzunguka shamba, yenye upana wa mita 10 panapowezekana, isafishwe kila mwaka kabla ya Agosti. Lakini barabara ya mtu mmoja haitoshi kama jirani anachoma bila taarifa. Vijiji vinavyopona ni vile vyenye sheria ndogo inayoheshimiwa, ratiba ya kuchoma na kikosi cha kuzima moto kinachoitika kengele inapogongwa.

Si kila mahali pa kupanda

Miti nayo ina madhara ikipandwa pasipostahili. Katika mikoa ya Iringa na Njombe, vinyungu, zile bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi, hulisha familia wakati mashamba ya juu yamekauka. Milingoti ikipandwa bondeni hunywa maji mengi na kinyungu kukauka. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Faida ya mbao haiwezi kulipia kijiji kisicho na maji.

Vilevile si busara kuuza ardhi yote kwa wageni wanaotafuta mashamba ya miti. Aliyeuza ardhi amekula mara moja. Atabaki kibarua katika kilima kilichokuwa cha babu yake. Mwenye ardhi aimiliki kwa hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, maana mti ni zao la miaka mingi na migogoro ya mipaka na urithi huzuka pale miti inapokaribia kuvunwa.

Soko nalo hubadilika. Waliopanda milingoti wakitazamia nguzo za umeme walipata mshtuko Shirika la Umeme (TANESCO) lilipoanza kutumia nguzo za zege katika baadhi ya njia zake. Kwa upande mwingine, viwanda vilivyoibuka Mafinga vya kumenya magogo kuwa maganda membamba ya plaiwudi vimefungua soko la magogo ambayo zamani yalionekana membamba mno. Njombe, baadhi ya wakulima wameng'oa miti na kupanda parachichi. Kwenye ardhi tambarare, yenye rutuba na karibu na barabara, huenda wamefanya sahihi. Kwenye mteremko mkali wenye udongo hafifu, mti bado hauna mpinzani.

Kuuza pamoja

Mkulima mmoja mwenye ekari moja hana sauti mbele ya mnunuzi mwenye lori. Mradi wa Panda Miti Kibiashara, ulioanza mwaka 2014 kwa ufadhili wa Serikali ya Finland, ulisaidia wanavijiji kuunda vyama vya wakulima wa miti, na mwaka 2017 vyama vya namna hiyo vikapata umoja wao wa kitaifa, TTGAU. Chama kinaweza kununua mbegu kwa pamoja, kupima mashamba ya wanachama na kukusanya miti ya kutosha kumwita mnunuzi wa kiwandani moja kwa moja.

Iwe kupitia chama au peke yake, mambo machache yasikosekane siku ya kuuza. Miti ihesabiwe na kupimwa kabla ya bei kutajwa. Wanunuzi wasipungue watatu. Makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi, yakitaja idadi ya miti, bei, siku ya mwisho ya kuvuna na nani analipa ushuru. Fedha ilipwe kabla mti haujaanguka. Vibali vya kuvuna na hati ya kusafirisha mazao ya misitu vishughulikiwe mapema, kwani lori lililokamatwa njiani huja kumdai mkulima.

Na siku visiki vinapobaki, sehemu ya fedha irudi shambani mvua zijazo. Kaya iliyovuna bila kupanda tena imekula mbegu.

Dalali wa Januari atarudi, maana naye ana biashara yake na watoto wake wa kusomesha. Lakini akimkuta mkulima na futi kamba, daftari lenye vipimo vya miti, na alama ya rangi kwenye miti 250 ya kupunguzwa, mazungumzo yatakuwa mengine. Atanunua ile yenye alama. Iliyobaki ataikuta palepale mwaka ujao, ikiwa imenenepa.